Shingo za majeruhi wetu zinahitaji kanuni iliyopimwa hapa kwetu

Mhariri,

Kila inapotokea ajali kubwa kwenye barabara itokayo Nakuru kupitia Salgaa kuja huku magharibi mwa Kenya, mazungumzo ya siku zinazofuata huishia kwenye mashine. Nayakumbuka baada ya ajali ya Fort Ternan ya Oktoba 2018, na nikayasikia upya baada ya ile ya makutano ya Londiani, mwishoni mwa Juni 2023: mbona hospitali fulani haina siti skani, ile mashine ya picha za kina za ndani ya mwili, mbona iliyopo imeharibika, mbona majeruhi wamehamishiwa mbali. Maswali hayo ni ya haki, wala siandiki kuyapinga. Naandika kwa sababu lipo swali linaloitangulia mashine ambalo sijaliona likiulizwa katika kurasa zako: miongoni mwa majeruhi wote wanaofika kasualti wakilalamikia shingo, nani apigwe picha, nani asipigwe, na anayeamua anaamua kwa kigezo gani?

Shingo ina pingili saba, na ndani yake unapita mshipa mkuu wa fahamu unaoiongoza mikono, miguu na hata pumzi. Pingili ikivunjika na isitambuliwe, mtu anaweza kuingia hospitalini kwa miguu yake na kutoka akisukumwa kwenye kiti cha magurudumu. Hata hivyo, kuvunjika huko hutokea kwa nadra. Katika tafiti kubwa nitakazozitaja, wenye jeraha la maana walikuwa takribani 2 kati ya kila majeruhi 100 waliochunguzwa. Basi aliye zamu yuko kati ya hofu mbili. Akiwapiga picha wote, wale 98 watalipa, watasubiri na kupokea mionzi bila faida, na foleni yao itamchelewesha mwenye paja lililovunjika. Akichagua kwa kubahatisha, mmoja wa wale wawili atamponyoka. Huku kwetu kimeongezeka kigezo cha tatu ambacho hakimo katika kitabu chochote cha utabibu, nacho ni mfuko: mwenye bima iliyolipiwa au jamaa mwenye pesa hupigwa picha, asiye nazo hupewa dawa ya maumivu na kuambiwa arudi akizidiwa.

Nilikuwa afisa wa kliniki kwa zaidi ya miaka 30, sehemu kubwa ya miaka hiyo nikiwa kasualti katika hospitali za umma za eneo hili, na ninalo kosa ambalo ni langu mwenyewe. Usiku mmoja wa msimu wa mvua waliletwa vijana wawili waliokuwa ndani ya matatu iliyosimama kupakia abiria, gari dogo likaigonga kwa nyuma polepole. Walikuja kwa miguu saa kadhaa baadaye, shingo zikiwa zimeanza kuuma walipofika nyumbani, na walichotaka hasa ni picha ya kuambatanisha na fomu ya P3, ile ya polisi ya kuthibitisha majeraha. Walipiga kelele, nami nikawaandikia wote wawili. Baada yao akaingia mama wa miaka 70 na ushei, aliyeteleza kwenye kizingiti cha jikoni na kujigonga paji la uso. Mwanawe alisema, "Daktari, mama anasema ni shingo tu imekazana." Hakuwa na jeraha la kutisha, alizungumza vizuri, na mpiga picha alikuwa ameshachoka na vijana wangu. Nikampa dawa ya maumivu, wakaenda zao. Siku tisa baadaye alirudishwa akiwa hawezi kushika kijiko. Kigingi cha pingili ya pili, yaani mfupa unaochomoza juu yake, kilikuwa kimevunjika, jeraha ambalo wazee hulipata kwa kuanguka kwa kawaida tu, bila ajali ya barabarani wala kimo cha kutisha. Aliishi, lakini jembe hakulishika tena.

Miaka mingi baadaye, niliposoma kwa makini kanuni ya Kanada ya kuamua picha za shingo, niligundua kwamba usiku ule niliipindua kichwa chini miguu juu. Kwa kanuni hiyo, umri wa miaka 65 na zaidi unatosha peke yake kumpeleka mtu kwenye picha, bila mjadala. Wale vijana nao, waliogongwa polepole kwa nyuma, wakatembea, na maumivu yao yakachelewa kuanza, wangeombwa tu wageuze shingo kulia na kushoto; wangeweza, ningewarudisha nyumbani.

Kanuni za aina hii hazikutungwa mezani na wazee wa taaluma. Ile ya Marekani iitwayo NEXUS, iliyochapishwa mwaka 2000 na Jerome Hoffman pamoja na wenzake, ilijaribiwa kwa wagonjwa 34,069 katika hospitali 21. Inataka mambo matano yatimie kabla ya kumwacha mtu bila picha: asiwe na maumivu anapobonyezwa kwenye mstari wa katikati ya ukosi, asiwe na dalili ya mshipa wa fahamu kuathirika, akili yake iwe macho, asiwe amelewa, na asiwe na jeraha jingine lenye maumivu makali kiasi cha kumsahaulisha shingo. Kati ya watu 818 walioumia pingili, kanuni hiyo iliwakosa 8, na wawili tu miongoni mwao ndio waliokuwa na jeraha lenye uzito. Kasoro yake ni uoga: iliweza kuwaepusha na picha watu wasiofika 13 kwa kila 100.

Mwaka uliofuata kundi la Ian Stiell wa Ottawa lilichapisha kanuni yake baada ya kuwachunguza watu wazima 8,924 katika hospitali 10 za Kanada. Yenyewe huuliza maswali matatu kwa mpangilio maalumu. Kwanza, je, kuna jambo la hatari linalolazimisha picha, yaani umri wa miaka 65 au zaidi, ajali ya aina ya hatari, au ganzi na hisia ya kuchomwachomwa mikononi au miguuni? Kama hakuna, je, lipo walau jambo moja la kutuliza moyo, mathalani kwamba aligongwa tu kwa nyuma na gari jingine bila makubwa, au ameketi kasualti, au ametembea wakati wowote tangu aumie, au maumivu yalichelewa kuanza, au mstari wa katikati ya ukosi haumuumi akibonyezwa? Likiwepo, swali la tatu ni kama anaweza mwenyewe, bila kusaidiwa kwa mkono wa mtu, kugeuza shingo nyuzi 45 kila upande. Katika utafiti huo waliokuwa na jeraha la maana walikuwa 151, na kanuni haikumkosa hata mmoja, huku ikionyesha kwamba ingetosha kuwapiga picha watu 58 hivi kwa kila 100. Kanuni hii ni ya mtu mzima aliye macho kabisa na ambaye hali yake ni tulivu. Aliyepoteza fahamu, au aliyelewa mpaka hajui alipo, hahusiki nayo. Huyo avalishwe kola ya kuishikilia shingo na apelekwe kwenye picha.

Mwaka 2003 kanuni hizo mbili zilishindanishwa kwa wagonjwa 8,283 katika hospitali tisa. Kati ya majeraha 169 ya maana, ile ya Kanada ilikosa 1 na ile ya Marekani ilikosa 16. Ushindi mkubwa, ungesema. Ila hospitali zote tisa zilikuwa za Kanada, na walioandaa shindano ni walewale walioitunga kanuni iliyoshinda. Kila mwamba ngoma huvutia kwake. Siwatuhumu udanganyifu, kwa kuwa kazi yao ilikuwa ya uangalifu mkubwa. Ninachojifunza ni kwamba kanuni hufanya vizuri zaidi nyumbani kwake, miongoni mwa wagonjwa wanaofanana na wale ilikozaliwa na mikononi mwa madaktari waliolelewa nayo. Ndiyo sababu sikubaliani na wenzangu wanaoichapisha karatasi ya Kanada, kuibandika ukutani karibu na mizani na kuona kazi imekwisha.

Tazama orodha yake ya ajali za hatari. Humo mna kuanguka kutoka urefu wa mita 1 au ngazi tano, kugonga kichwa kwa utosi kama mtu anayejirusha majini, gari lililokuwa likienda zaidi ya kilomita 100 kwa saa au lililopinduka au lililomrusha mtu nje, magari ya burudani yenye injini, na mgongano wa baiskeli. Sasa niambie, bodaboda tuiweke wapi? Jina lake halimo katika karatasi hiyo. Tukisema kila aliyeanguka kutoka kwenye bodaboda ni wa ajali ya hatari, basi kasualti ya Kisumu siku ya Jumamosi itampiga picha karibu kila mtu na kanuni itakuwa haikutusaidia kitu. Tukisema si ya hatari, tutamwachia pia abiria aliyerushwa juu ya vishikio akatua kwa kichwa bila kofia. Pengine mpaka wa kweli uko mahali fulani katikati, kwa mfano kati ya abiria aliyeteleza kwenye tope pikipiki ikiwa karibu kusimama na yule aliyegongana na lori. Lakini mpaka huo hauwezi kuchorwa kwa kukaa na kufikiri. Lazima wahesabiwe watu walioanguka kwa njia hizo, kisha ijulikane nani miongoni mwao alivunjika shingo.

Kasi nayo ni kichekesho chetu. Tangu kanuni za mwaka 2004 za marehemu John Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati ule, matatu hufungwa kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, kwa hiyo kisheria hakuna abiria wa matatu anayeweza kufikia kiwango cha hatari cha Kanada. Sote tunajua mambo yalivyo. Zaidi ya hayo, abiria aliyekuwa amesinzia kwenye kiti cha nyuma hajui gari lilikuwa na mwendo gani, dereva hatasema, na kondakta ameshatoroka. Swali ambalo mgonjwa hawezi kulijibu si swali la kujengea kanuni, hata kama kule lilikotoka lilifanya kazi. Huenda kwetu likafaa zaidi lile ambalo kila mtu anaweza kulijibu: gari lilipinduka au halikupinduka, na ulitoka mwenyewe au ulitolewa.

Kuna pia mambo yetu ambayo orodha hiyo haikuyajua. Wapo wanaoanguka kutoka kwenye miembe na miparachichi, na hao angalau wanaingia kwenye kipimo cha mita 1. Lakini yupo mwanamke aliyebeba gunia kichwani akateleza, gunia likamshukia shingoni. Yupo kijana aliyefukiwa na udongo katika shimo la dhahabu la Migori au Kakamega. Yupo mkata miwa aliyeangushwa na trela ya trekta huko Muhoroni. Kuhusu watoto sitasema mengi, maana kanuni ya Kanada ilitungwa kwa watu wazima, na katika utafiti wa NEXUS watoto walikuwa wachache, na shingo ya mtoto ni elimu yake peke yake.

Ninachopendekeza ni kwamba hospitali za rufaa za eneo hili, ile ya Jaramogi Oginga Odinga ya Kisumu, ile ya Nakuru, ile ya Kakamega na ile ya Moi ya Eldoret, pamoja na vyuo vikuu vya Maseno, Egerton na Moi vinavyofundisha madaktari, zishirikiane kuipima kanuni ya Kanada kwa wagonjwa wetu, na pale itakapopwaya, zitunge yetu. Nasema zishirikiane kwa sababu hesabu haitimii kwa hospitali moja. Tuseme hospitali moja iwachunguze majeruhi 300 kwa mwaka, na kati yao 6 wawe wamevunjika, na kanuni iwanase wote 6. Watu watashangilia, lakini hata kanuni mbovu inayomkosa mtu mmoja katika kila watano ingeweza kuwanasa wote 6 kwa bahati tu, takribani mara moja katika kila majaribio manne. Waliovunjika wakifika 150, bahati haina pa kujificha: hata kanuni inayokosa 2 tu kwa kila 100 ingekuwa na nafasi isiyofika 1 kati ya 20 ya kupita bila kumkosa yeyote. Na ili upate waliovunjika 150 huku wakiwa 2 kwa kila 100, unahitaji majeruhi kama 7,500. Wakanada hawakufika karibu na 9,000 kwa kupenda makubwa.

Kazi yenyewe huanza kwa unyenyekevu. Kila mgonjwa anachunguzwa na kuandikiwa majibu ya maswali yaleyale kabla picha haijapigwa, kwa sababu ukishaiona picha, mkono wako huandika yale ambayo macho yameshayajua. Wakanada walianza na dalili 20. Baadhi ya wagonjwa walichunguzwa na madaktari wawili, kila mmoja peke yake, na dalili ambayo hao wawili hawakukubaliana vya kutosha iliondolewa, hata ikiwa vitabu vinaisifu. Hapa ndipo ningetaka sana maafisa wa kliniki na wauguzi wahusishwe tangu siku ya kwanza. Katika hospitali nyingi za kaunti ndogo, saa nane za usiku, daktari bingwa hayupo. Anayebonyeza ukosi wa mgonjwa ni afisa wa kliniki aliyemaliza KMTC, chuo cha mafunzo ya utabibu, mwaka juzi. Kanuni itakayotungwa kwa mikono ya mabingwa wa Eldoret halafu ikapelekwa kwa kijana huyo itakuwa imeazimwa mara ya pili.

Wapo watakaosema kwamba hatuwezi kuwapiga picha wote 7,500 ili kujua nani alivunjika. Hoja hii inaumiza, na tena inaumiza zaidi ya wanavyodhani, kwa kuwa picha ya eksirei ya kawaida yenyewe hudanganya. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2005, uliokusanya tafiti kadhaa za majeruhi, uliona kwamba eksirei ilitambua majeraha ya shingo 52 hivi kwa kila 100, wakati siti skani ilitambua 98. Yeyote aliyefanya kazi hii anajua picha ya ubavuni inayoishia pingili ya sita kwa sababu mabega ya mgonjwa ni mapana na hakuna aliyemvuta mikono chini. Pingili ya saba haionekani, na ripoti inasema "hakuna jeraha". Kanuni ikifunzwa kwa majibu ya namna hiyo itajifunza uongo. Kwa hiyo siti skani ielekezwe kwa wale ambao aliye zamu ana shaka nao, na hapo mashine inayodaiwa na wasomaji wako inapata kazi yake halisi.

Kwa wengine, Wakanada walitumia njia ambayo sisi tunaweza kuimudu kuliko wao: simu. Waliorudishwa nyumbani bila picha walipigiwa na muuguzi siku ya 14 na kuulizwa maswali yaliyopangwa kuhusu maumivu, kugeuza shingo na kurudi kazini. Aliyejibu vibaya aliitwa arudi kupigwa picha. Huku kwetu mgonjwa asiye na simu ataacha namba ya jirani au ya mwenye duka, na muuguzi atampata. Sioni ni kaunti gani inayoshindwa kununua muda wa maongezi wa kuwapigia watu 10 kwa siku.

Najua pia kwamba kuitunga kanuni ni nusu ya safari. Kwenye shindano la 2003, madaktari waliingiwa na hofu na kuacha kumwambia mgonjwa ageuze shingo katika takribani mgonjwa 1 kati ya kila 10, ingawa walikuwa ndani ya utafiti na karatasi iko mkononi. Baadaye, katika jaribio la hospitali 12 lililochapishwa mwaka 2009, zile zilizofundishwa na kufuatiliwa zilipunguza picha kutoka takribani 62 hadi 53 kwa kila majeruhi 100, huku zile ambazo hazikufundishwa picha zikiongezeka. Mafunzo hayo yanahitaji bajeti na mtu wa kuyasimamia, na ningependa kuona serikali za kaunti zikiyatengea fedha katika mwaka uleule zinaponunua mashine.

Karatasi ya kujaza inaweza kuwa ya ukurasa mmoja. Pamoja na maswali ya Kanada ningeomba iwe na mstari mmoja ambao wao hawakuuhitaji: mgonjwa alifikishwaje hospitalini. Yule mama niliyemtaja aliletwa kwa bodaboda, akiwa amebanwa katikati ya dereva na mwanawe, usiku, kwenye barabara ya mawe iliyolimwa na mvua, na siku ile sikuona haja ya kuliandika jambo hilo popote.

Wako mwaminifu,
Afisa wa kliniki mstaafu,
Kisumu